Juu ya Kusoma Kitabu Mara ya Pili

Liko neno moja tunalolisikia mara nyingi tunapomwazima mtu kitabu. Anatazama jalada, anafungua ukurasa mmoja au miwili, kisha anakirudisha mkononi mwetu akisema: "Hiki nimekwisha kukisoma." Asema hivyo kama mtu aliyekwisha kulipa kodi yake: stakabadhi anayo mfukoni, asisumbuliwe tena. Leo twataka kulipima neno hilo, maana twaona kwamba ndani yake umejificha ugonjwa wa usomaji wetu.

Hakuna mtu asemaye hivyo juu ya wimbo. Kwaya ikianza wimbo wa Noeli, hakuna mkristu anayeziba masikio kwa sababu aliusikia mwaka jana. Wala hakuna mtoto anayekataa sombe ya mama yake kwa kuwa alikwisha kuila juzi. Mambo tunayoyapenda twayarudia, na kwa kuyarudia twazidi kuyapenda. Mbona kitabu peke yake tunakitendea kama ganda la ndizi, tukimaliza tunatupa?

Sababu ziko, na yafaa tuzitaje. Ya kwanza ni shule. Mtoto wa Maniema huanza kusoma kwa Kiswahili, kisha hupelekwa katika Kifaransa, na katika njia hiyo yote kitabu kwake ni ngazi ya kupandia mtihani. Akifika juu huisukuma ngazi. Ya pili ni haraka ya siku hizi. Habari inayosomwa asubuhi katika simu hufukuzwa na habari ya mchana, nayo ya mchana hufukuzwa na ya jioni, hata mtu akilala hakumbuki aliyosoma alipoamka. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba wengi wetu tunadhani kusoma maana yake ni kujua mwisho. Nani alishinda? Nani alikufa? Nani alimwoa yule binti? Tukijua hayo, twaona kazi imekwisha.

Watu wengine hulia kwamba hapa Kindu vitabu ni haba, na kweli ni haba. Lakini uhaba huu, tukiutumia vizuri, una baraka ndani yake. Mtu mwenye vitabu vitatu anaweza kuvijua kama anavyojua njia ya shamba lake, gizani au mchana. Mwenye mia tatu huenda asikijue hata kimoja. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kitabu cha zamani kilichochakaa jalada ndicho mbacha wetu.

Tena sisi Wakatoliki hatuna ruhusa ya kudharau kusoma tena, kwa maana Mama yetu Eklezia anasoma tena tangu alipozaliwa. Kila mwaka anarudia Kwaresima na Pasaka, kila wiki anarudia Zaburi. Tangu Majilio ya mwaka 1969 masomo ya Misa ya Dominika yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu, Matayo mwaka mmoja, Marko mwaka wa pili, Luka mwaka wa tatu, na Yoane akiingia mahali pake. Basi mtu aliyekwenda Misa bila kukosa kwa miaka 30 amepita katika mzunguko huo mara kumi. Je, amechoka? Tumwangalie anaposikia habari ya Mwana Mpotevu. Alipokuwa mtoto, alisimama upande wa yule mdogo, akiogopa njaa na nguruwe. Alipokuwa kijana mwenye kazi, akitunza wadogo zake bila kupewa asante, alisimama upande wa kaka aliyekasirika, akaona ana haki. Sasa ni baba wa nyumba. Mtoto wake amekwenda machimboni, mwaka wa pili huu hajaleta salamu. Dominika hiyo ndipo anamsikia yule baba aliyekuwa akitazama njiani. Injili haikubadilika hata neno moja. Msomaji ndiye aliyehama, na Injili ilikuwa imekwisha kufika kule alikohamia.

Watakatifu nao walilijua jambo hili. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki wake katika karne ya 6, aliagiza kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mmoja apewe kitabu kimoja, akisome chote kwa taratibu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kitabu kimoja! Hakuagiza rundo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu alikuwa amekishika moyoni kitabu cha Thomas wa Kempis juu ya kumfuasa Kristu, hata watu wa nyumbani wakikifungua popote na kuanza kusoma, yeye aliweza kuendelea bila kutazama. Na Mtakatifu Inyasi, alipolala kitandani mwaka 1521, mguu umevunjwa na mzinga, aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi. Havikuwamo nyumbani. Akapewa Maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu, akayasoma, akayarudia. Katika kurudia huko akaona jambo: mawazo ya mashujaa yalimpendeza yalipokuwa yakipita, lakini yakiisha yalimwacha mkavu, mawazo ya watakatifu yalimwacha na furaha hata baada ya kufunga kitabu. Twaomba msomaji ashike kipimo hicho: utamu unaobaki baada ya kufunga kitabu. Tutakihitaji mbele.

Sasa mtu ataniuliza: Je, kila kitabu kinastahili kusomwa tena? Hapana. Viko vitabu vinavyotoa utamu wao wote mara moja, kama muwa uliokwisha kutafunwa. Hatuvitukani, muwa nao ni mtamu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitupa Mzimu wa Watu wa Kale, na ndani yake mpelelezi Bwana Msa. Mara ya kwanza msomaji anakimbia, akitaka kujua ni nani muuaji. Akiisha kujua, mbio zimekwisha. Na hata hivyo wako watu wanaokirudia, nao si wapumbavu. Hawarudi kwa ajili ya fumbo, wamerudi kwa ajili ya Bwana Msa mwenyewe, kiko chake, na namna yake ya kuangalia jambo ambalo wengine wote wamelipita. Hapo twajifunza kwamba msomaji wa mara ya pili hatafuti kitu kile alichokitafuta mara ya kwanza.

Tutazame kitabu kingine, Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu amefundisha watu sheria. Anasimama mbele ya mfalme, na siku kwa siku anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi kutafuta mema, wakarudi nayo, wakalipwa mateso. Kwetu Kongo kitabu hiki ni kigumu mara ya kwanza. Maneno mengi ni ya pwani, na msomaji anayapita kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe. Anataka kujua neno moja tu: Je, Karama ataachiliwa? Ataachiliwa, naam. Basi mara ya pili hofu imekwisha, na msomaji anaweza kukaa juu ya kila jiwe. Ndipo anaona kwamba wajumbe wale sita si hadithi za kupoteza muda wa baraza. Kila mmoja ni shahidi wa Karama, na kila adhabu waliyopewa ni shtaka juu ya wale wanaohukumu. Jambo hili lilikuwako tangu ukurasa wa kwanza. Haraka ndiyo iliyolificha.

Lakini kitabu tunachotaka hasa kukipima leo ni kingine, kwa kuwa kinatuhusu sisi watu wa Maniema kuliko watu wote. Ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, uzeeni kwake Unguja, alikokufa mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalitolewa tena Afrika ya Mashariki pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Na mwaka 1974 Padre François Bontinck wa shirika la Scheut alitoa tafsiri ya Kifaransa, yenye maelezo mengi, huko Bruxelles. Si rahisi kukipata kitabu hiki Kindu. Anayekipata akishike vizuri, tena akisome zaidi ya mara moja. Sisi twasema mara tatu, na sababu zetu ndizo hizi.

Mara ya kwanza ni furaha tupu, na hatuoni haya kusema hivyo. Mzee huyu anajua kusimulia. Hapotezi maneno kusifu msitu wala machweo ya jua. Anatembea. Kiswahili chake ni vitenzi vyenye "ka" vikifuatana kama wapagazi katika njia nyembamba: wakaondoka, wakafika, wakakaa, wakaondoka tena. Msomaji wa Kongo anayeshindwa na maneno ya Shaaban Robert hatashindwa hapa, maana haya ni maneno ya mtu anayezungumza barazani. Na mahali anapotaja ni mahali petu! Mtoto wa Kasongo anakuta Kasongo, wa Nyangwe anakuta Nyangwe, na mto unaopita hapo ni Lualaba huu huu unaopita mbele ya Kindu. Wapita pia Wazungu wenye sifa, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, naye anawatazama kama mfanyabiashara anavyotazama wageni wenye haja. Kusoma habari za nchi yako katika lugha yako, bila kupita kwa mkalimani, ni furaha ambayo vitabu vingi havikutupa.

Mara ya pili msomaji anajua safari inakokwenda, basi jicho lake linatua juu ya mambo mengine. Linatua juu ya hesabu. Mwandishi huyu anahesabu: frasila za pembe, bunduki, siku za njia, bei. Nsama wa Itabwa anashindwa vitani mwaka 1867, na msomaji anaona hesabu ya pembe imetangulia, na watu waliotekwa wametajwa kwa haraka, kama mzigo mdogo uliowekwa kando ya mzigo mkubwa. Hata jina lake la Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, ni mlio wa bunduki zake katika masikio ya wale waliokimbia. Mara ya kwanza tunacheka kwa jina hilo. Mara ya pili tunauliza: waliokimbia walikuwa nani?

Mara ya tatu ndipo kitabu kinapofunguka kweli, na twataka kuonyesha kwa mfano mmoja. Alipokuwa akielekea Utetela, mwandishi alisikia kwamba zamani dada za chifu mzee wa huko, Kasongo Rushie, walitekwa vitani wakapelekwa mbali. Basi akajitangaza kuwa yeye ni wa uzao wa mmoja wao. Chifu mzee akampokea kama damu yake, akamwachia utawala wa nchi. Ni hadithi ya ajabu. Anayeisoma mara ya kwanza anastaajabia akili ya mtu huyu. Barazani watu wangepiga makofi. Lakini msomaji anayerudi amtazame yule mzee. Kwa nini aliamini? Kwa sababu dada zake walikuwa wamechukuliwa kweli, na mtu aliyepotelewa na ndugu huwa anatazama uso wa kila mgeni. Ujanja wote wa hadithi hii umesimama juu ya kidonda. Katika nchi ambayo ndugu wengi walichukuliwa, mtu yeyote anaweza kuja akasema, "Mimi ni mtoto wa yule aliyepotea," naye atafunguliwa mlango. Mwandishi hakusema hivyo. Hakukusudia kutuambia hivyo. Lakini ameyaandika, na anayesoma tena atayasoma.

Hii ndiyo hukumu yetu juu ya kitabu hiki. Ni kitabu kizuri cha mtu hodari, kinachosema kweli zaidi ya alivyotaka mwandishi wake. Kina majina ya machifu na ya wafanyabiashara, lakini wapagazi waliobeba pembe zile hawana majina. Tukikipima kwa kipimo cha Mtakatifu Inyasi, twaona utamu wake ni mkubwa wakati wa kusoma, na baada ya kukifunga hubaki kitu kama kiu. Kiu hiyo si mbaya. Yatusukuma tutafute kitabu cha pili cha kuweka kando yake.

Nacho kiko. Mwaka 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa akitafuta mitumbwi ya kushukia mto. Karatasi zilimwishia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la Kiingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mti wa huko. Tarehe 15 Julai mwaka 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe, ambamo wengi walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengine walikufa sokoni, wengine walizama Lualaba wakikimbilia mitumbwi. Hesabu aliyoisikia ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwachoma watu, nayo ilisaidia kusukuma mambo hata soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Livingstone alikufa mwaka huo huo, na habari zake za kila siku zikachapishwa London mwaka 1874.

Mtu angesema: basi, hapa hatuna haja ya kusoma tena, shahidi amesema. Lakini sikilizeni lililotokea. Zile kurasa za gazeti zilikuwa zimefifia hata jicho halikuweza kuzisoma. Katika miaka ya 2010 na 2011 wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya namna nyingi, na wino uliofifia ukaonekana. Wakayalinganisha maneno yale na yale aliyoyanakili Livingstone mwenyewe baadaye katika daftari safi, na tena na kitabu kilichochapishwa. Hayakulingana yote. Alipokuwa akinakili, mwandishi alikuwa amebadili mambo, hasa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Watu walikuwa wamesoma kitabu kile miaka zaidi ya 130, wakadhani wamekimaliza. Kumbe bado!

Hatusemi hayo ili kumvunjia heshima aliyelia kwa ajili ya wanawake wa Nyangwe. Twasema ili kila mmoja aone: hata shahidi mwema asomwe tena. Wala tusidhani kwamba kisa kinaisha vizuri kwa kuwa mwisho twaujua. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Pili, yule yule aliyejiita mkombozi wa watumwa. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1888, Kardinali Lavigerie alisimama Paris katika kanisa la Saint-Sulpice akawalilia Waafrika waliokuwa wakiuzwa. Kati ya mwaka 1892 na 1894 vita viliwapiga wafanyabiashara wa pwani. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Je, wapagazi walitua mizigo? Dola ya Leopold iliwatwisha mizigo mingine, pembe tena, na mpira. Anayesoma kisa hiki mara moja atachagua upande mmoja na kumpigia makofi. Anayekirudia atamtafuta mpagazi katika kila ukurasa, awe chini ya bendera gani.

Wako ndugu wawili watakaotupinga, nasi twawaheshimu wote wawili. Wa kwanza atasema: "Kitabu cha mfanyabiashara ya watu kisisomwe na vijana wetu, kitawafundisha ubaya." Twamjibu: Ndugu yetu, Kiswahili unachotumia kutuonya kilifika Maniema kwa njia ya misafara ile ile. Hatukukitupa kwa sababu ya waliokileta. Tulikiosha, tukafundishia Katekisimu, na leo twasali nacho. Kama Mungu aliweza kuitumia lugha hiyo, sisi nasi twaweza kukisoma kitabu hicho, mradi tusikisome kama watoto wanaotazama maonyesho. Wa pili atasema: "Mwacheni mzee apumzike. Alikuwa shujaa, tena alikuwa Mwafrika aliyewashinda Wazungu kwa akili." Twamjibu: akili tumeisifu, nayo inastahili. Lakini usomaji wa kweli hauishii katika kumsifu aliyeshika kalamu. Humuuliza pia: waliokuwa wakitembea nyuma yako, walikwenda wapi?

Na hapa ndipo tunapoona kwa nini jambo hili la kusoma tena si mchezo wa wenye nafasi. Msomaji wa mara moja yumo mkononi mwa mwandishi. Hadithi inamwongoza kama mtoto anavyoshikwa mkono sokoni; anaona anachoonyeshwa. Msomaji wa mara ya pili anajua njia, basi anaweza kuachilia mkono na kuangalia pembeni. Wavuvi wetu wa Lualaba wanalijua hili. Anayeshuka na maji anafika upesi, na mto unamfanyia kazi. Anayepanda kwa kasia ndiye anayejua kila jiwe lilipo. Vijana wetu leo wanashushwa na maji mengi: matangazo, maneno ya wanasiasa, mahubiri ya kila manabii. Aliyezoea kupanda katika kitabu kimoja atajua kupanda katika hayo mengine pia.

Basi tufanyeje? Twatoa mashauri machache, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, tusome kwa sauti, tukiwa wengi. Augustino Mtakatifu alistaajabu kumwona Ambrosio wa Milano akisoma kimya, macho yakipita na ulimi umetulia. Maana zamani wengi walisoma kwa sauti. Kwetu bado hali hiyo yafaa. Kitabu kimoja chatosha watu kumi, na neno lisiloeleweka na mmoja huenda likajulikana na mwingine.

Pili, tuache muda upite. Kitabu kilichosomwa tena baada ya wiki ni kile kile. Kilichosomwa tena baada ya ndoa, baada ya msiba, baada ya kazi ya kwanza, ni kama barua mpya. Mtu aandike mwaka ndani ya jalada kila anapokimaliza. Siku moja ataona miaka minne au mitano imepangwa hapo, naye atajijua.

Tatu, tusione haya kurudia kwa furaha tu. Wako wanaodhani kwamba kila usomaji lazima ulete mafundisho. Hapana. Kama ukurasa fulani wa Kusadikika au wa Bwana Msa unakuchekesha kila mara, urudie ucheke. Anayekipenda kitabu atakirudia, na anayekirudia mwisho atakielewa. Upendo hutangulia.

Nne, na hili twalisisitiza, kitabu kinachohusu nchi yetu kisomwe mbele ya wazee. Someni habari za Nyangwe na Kasongo mbele ya bibi na babu, kisha nyamazeni. Ulizeni: Katika ukoo wetu, nani alichukuliwa? Nani alirudi? Nani alibeba mzigo, na kutoka wapi mpaka wapi? Wazee hawakuyaona mambo hayo, lakini waliyasikia kwa wale walioyaona au kwa watoto wao, na uzi huo unakatika kila tunapozika mtu. Jina lolote mtakalopewa liandikeni kwa kalamu ya risasi pembezoni mwa ukurasa, mahali ambapo mwandishi alipita bila kulitaja. Waalimu wa zamani walitufundisha tusichafue vitabu. Kwa kitabu hiki kimoja twaomba ruhusa yao.

Kwaresima ijayo, kila jumuiya ndogo ichague kitabu kimoja tu, kile ambacho wengi wao wamekwisha kukisoma. Na mtu akisema, "Hiki nakijua," mpeni yeye kazi ya kuwasomea wengine. Tutaona kama atafika ukurasa wa kumi bila kunyamaza kidogo na kurudi nyuma.